Kukusanya vipande halisi vya ndege za vita ukiwa Unguja au Pemba: mwongozo kamili, kuanzia kununua hadi kutundika

Kila nikiweka picha ya kile kipande changu cha Lancaster, ile ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu, kwenye stetasi watu wananijaa inboksi, kimetoka wapi, kimeuzwaje, na mie napataje, kwa hio nimeona niandike yote pamoja nipumzike. Ni refu kidogo, ila huu mchezo ukiuingia bila ya kujua utanunua bati la kuezekea banda la kuku kwa bei ya dhahabu na utalitundika sebuleni kwa fahari zote.

Jambo la kuweka akilini tangu mwanzo: kipande chenyewe ni aluminiamu tu, ukikipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Mwanakwerekwe watakipima kwa kilo. Thamani yake iko kwenye kile unachoweza kuthibitisha, yaani ndege gani, ilianguka au ilivunjwa wapi, nani aliitoa, kwa ruhusa ya nani. Mie nachukua kidude cha ukubwa wa kiganja chenye namba na karatasi zake naacha bawa zima lisilo na maelezo, na sibishani na mtu kwenye hili.

KWANZA CHAGUA MADA

Usianze kununua. Chagua ndege moja, au vita vimoja, au eneo moja, halafu lisome mpaka ulijue. Anaenunua kila anachokiona anaishia na droo iliyojaa skrubu.

Kwa sie wa huku mada iko karibu kuliko tunavyodhani. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza hapa hapa bandarini Unguja, na baharia wake wamezikwa pale kisiwa cha Chapwani, nenda utaona makaburi. Königsberg ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, na kuitafuta ndiko kulikoleta ndege za vita za mwanzo ukanda huu: boti ya kuruka, yaani ndege inayotua majini, aina ya Curtiss iliyoletwa kutoka Durban na rubani Dennis Cutler, Novemba 1914, halafu zikaja nyengine, na mwisho ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizokuwa zikielekeza mizinga ya manowari za Waingereza, Severn na Mersey, mpaka Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Historia tamu sana, lakini kwa mkusanyaji ni mtego, kwa sababu ndege zile nyingi zilikuwa mbao, waya na kitambaa, na hali ya hewa ya huku ilizila zikiwa bado zinafanya kazi. Mtu akikwambia anauza "bati la ndege ya Rufiji" muage kwa adabu uende zako.

Vita vya Pili ndio kwenye vitu vya kushikika. Ukiniuliza mie, mtu wa Unguja au Pemba aanze na Catalina. Ile boti kubwa ya kuruka ya Kimarekani ndio iliyokuwa ikizunguka bahari yetu kuwinda nyambizi, kikosi cha 259 cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kilikuwa Kipevu Mombasa kisha kikahamia Dar es Salaam, na tarehe 20 Agosti 1943 Catalina za kikosi hicho na cha 265 zilishirikiana kuizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagascar. Zilitengenezwa zaidi ya 3,000, nyingi zikaendelea kuruka miaka mingi baada ya vita, kwa hio spea zake bado zinazunguka sokoni na hazina wazimu wa bei kama Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza. Spitfire kila mtu anaitaka, na kila mtu akitaka kitu waongo wanazaliwa.

VIPANDE HALALI VINATOKA WAPI

Kuna njia tatu safi. Ya kwanza ni vifaa vilivyouzwa na serikali baada ya vita, maboksi kwa maboksi, vyengine havijawahi kufungwa kwenye ndege: swichi, saa za dashbodi, mishikio, plagi. Ya pili ni gereji zinazofufua ndege za zamani, wakibandua bati lililooza na kuweka jipya lile la zamani wanaliuza na cheti cha gereji, na hii ndio njia naipenda kuliko zote kwa sababu ndege inajulikana namba yake na hakuna kaburi la mtu lililochimbuliwa. Ya tatu ni mabaki ya ndege zilizoanguka.

Hapo kwenye zilizoanguka tulia. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi, kila ndege iliyoanguka ikiwa kazini kijeshi inalindwa, huruhusiwi kuigusa, kuihamisha wala kuichimba bila ya leseni ya Wizara ya Ulinzi yao, na leseni haitoki kirahisi pale panaposhukiwa kuwa na miili au mabomu. Kwa hio kipande cha ajali ya Uingereza ni lazima kiwe na maelezo kuwa kilitolewa kabla ya sheria ile au kwa leseni, na unaomba kuiona kopi. Marekani nao wana sheria ya 2004, ndege yao ya kijeshi iliyozama inabaki kuwa mali yao hata ipite miaka mingapi.

Na hapa kwetu? Vijana wanaozamia nawaomba sana, ukiona chuma chini ya maji kiache. Piga picha, weka alama ya mahali, karipoti Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Kwanza inaweza kuwa kaburi, pili inaweza kuwa na risasi ndani, na tatu kitu kilichokaa chini ya bahari miaka themanini ukikitoa tu kukianika juani kinaanza kubomoka mbele ya macho yako.

KUKISOMA KIPANDE

Hapa ndipo pana utamu, kwa hio kaa vizuri.

Anza na sumaku, ile ya friji inatosha. Mwili wa ndege nyingi za vita ni duralumini, aluminiamu iliyotiwa shaba kama asilimia nne na vyengine kidogo, na sumaku haishiki. Ikishika bati zima hilo ni chuma, linaweza kuwa sehemu ya injini au gia ya kutua lakini sio ngozi ya ndege. Ila sumaku haikwambii kama ni ya vita, bati la ndege ndogo ya abiria ya juzi nalo halishiki, na vipande vingi vya uongo ndio hivyo hivyo, bati la kisasa limepigwa nyundo na kupakwa rangi ya kijani.

Kinachofuata ni maandishi ya kiwandani, tafuta upande wa ndani ambako jua halikufika. Mabati ya Kimarekani yalipigwa wino wenye neno ALCLAD na namba ya mchanganyiko, wakati wa vita ilikuwa 24S-T au 24ST. Ule mfumo wa tarakimu nne, yaani 2024-T3, umeanza 1954. Kwa hio mtu anakuuzia "Mustang ya 1944", ndege ya kivita ya Kimarekani, na kwenye bati pameandikwa 2024, mwambie ahsante na uifunge simu. Hii pekee imewaokoa watu wengi.

Halafu namba ya spea, inayogongwa au kupigwa muhuri wa wino. Supermarine, kampuni iliyotengeneza Spitfire, walianza na 300, ile ndio aina yao ya msingi na namba hizo zinaendelea kuonekana mpaka matoleo ya baadae pamoja na namba nyengine za toleo husika. Mustang utakuta 73, 102, 106 au 109 kutegemea toleo. Za Kijerumani, Messerschmitt 109 inaanza na 109 au 8-109, Focke-Wulf 190 hivyo hivyo kwa 190. Catalina kwa kampuni yake ilikuwa Modeli ya 28, kwa hio tafuta 28 mwanzoni. Vifaa vya Uingereza vina herufi AM chini ya taji na namba ya stoo, 6A ni saa na vipimo, 5C ni umeme. Litizame lile taji kwa lensi: la wakati wa mfalme lina matao yaliyobinuka juu kama kuba, la baada ya Malkia Elizabeth kushika kiti limebonyea katikati. Na ukikuta namba ndefu ya tarakimu 13 ya mtindo wa NATO, NATO yenyewe imeundwa 1949, hesabu mwenyewe.

Rangi nayo inasema. Ndani ya ndege za Kimarekani utakuta praima ya manjano au ya kijani ya zinki kromati. Wajerumani walitumia kijivu-kijani wanachokiita RLM 02, na chumba cha rubani baadae kikawa kijivu cha giza RLM 66. Wajapani walipaka ndani kitu chenye kung'ara cha buluu-kijani, kinaitwa aotake, ukikiona mara moja hukisahau, na ni kigumu kuigiza. Rangi halisi inakuwa imeingia kwenye mikwaruzo ya zamani na imepasuka pamoja na bati palipokunjika, ya uongo imepita juu ya mikwaruzo na juu ya mpasuko. Chukua lensi, angalia kwenye ukingo uliochanika: ukiona rangi imemiminikia ndani ya mchaniko, basi ilipakwa baada ya bati kuchanika na hadithi imeishia hapo.

Na skrubu. Kichwa cha msalaba kilienea kwenye ndege za Kimarekani wakati ule, Waingereza wengi walikuwa bado na kichwa cha mstari mmoja. Kipande kinachoitwa cha Kijerumani kimejaa skrubu za msalaba, uliza masuali mengi.

KUMHOJI MUUZAJI

Kabla ya kulipa omba picha mchana kweupe, mbele, nyuma, na namba kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Muulize ndege ilikuwa na namba gani ya usajili, ilianguka lini na wapi, nani alikitoa kipande na mwaka gani, na yeye amekipata kwa nani. Muuzaji wa kweli anafurahi kuulizwa, atakuandikia mpaka uchoke. Anaekujibu "kina cheti cha uhalisi" na hapo hapo amenyamaza, cheti hicho kakiprinti mwenyewe jikoni kwake.

Kisha mfuate nyuma na kumbukumbu. Vitabu vya kila siku vya vikosi vya RAF viko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, fungu la AIR 27, na unaweza kuvitafuta kwenye mtandao. Wamarekani wana ripoti za wafanyakazi wa ndege waliopotea, zinajulikana kwa kifupi MACR, na nyingi zimeshapigwa skani. Muuzaji amesema ndege ilianguka tarehe fulani, kitabu cha kikosi kinasema siku ile hakuna ndege iliyoruka kwa sababu ya mawingu, basi umeshajua unaongea na nani.

Tahadhari ya nyumbani: ukiletewa kitu mtaani, "mzee wangu alikiokota zamani, ni cha ndege ya vita", msikilize kwa heshima, mara nyingi mtu hakudanganyi, ndivyo alivyohadithiwa. Lakini ndege za abiria na ndege ndogo zimekuwa zikitua visiwani miongo na miongo na chakavu chake kimezagaa, kwa hio pita kwenye hatua zile zile, sumaku, namba, rangi, bila ya huruma.

USIVYOTAKIWA KULETA HATA UPEWE BURE

Risasi, maganda ya risasi, kipande chochote cha bunduki, hata kama kimetobolewa na muuzaji anaapa kuwa ni salama. Hutaki kumueleza ofisa wa forodha pale uwanja wa ndege kwamba bunduki yako ya Browning ni ya mapambo.

Kubwa jengine ambalo watu hawalijui ni saa za dashbodi zenye sindano na tarakimu za kung'ara gizani. Rangi ile ilitiwa radiamu. Usidanganyike kwa kuwa siku hizi haiwaki, kilichokufa ni ile kemikali ya kutoa mwanga, radiamu yenyewe inachukua kama miaka 1,600 kupungua nusu, na inatoa gesi ya radoni muda wote. Ikipasuka kioo ule unga ukaingia mapafuni au kwenye chakula cha mtoto ni balaa. Kuingiza vitu vya mionzi nchini kunahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa hio kwa mtu wa kawaida jibu ni moja, nunua saa zisizo na rangi ile, ziko tele, na kama tayari unayo usiifungue hata siku moja na usiiweke chumba cha kulala.

Baki ni mambo ya kawaida: muulize muuzaji kama nchi yake inataka kibali cha kusafirisha, aandike kwenye fomu kitu kilivyo kweli, sehemu ya ndege ya zamani kwa mapambo, na bei ya kweli. Mzigo ulioandikwa "zawadi" halafu ndani pana bati lenye matundu ya risasi utakaa forodhani mpaka masika iishe.

KUKISAFISHA, NA HAPA WAZANZIBARI TUNAKOSEA

Najua mkono wako utakwenda wapi. Ndimu, ukwaju, majivu, stili wulu. Ndivyo bibi zetu walivyosafisha sinia za shaba na zikawaka. Kwa aluminiamu ni maangamizi: ndimu na ukwaju ni asidi, majivu ni upande wa pili kabisa, zote zinakula, na stili wulu inaacha vichembe vya chuma ambavyo baada ya wiki mbili vimeota kutu ya rangi ya chai juu ya kipande chako. Halafu ile rangi, ule udongo wa pale ilipoangukia, ule moshi, ndio ushahidi wenyewe, ukiking'arisha umebakiwa na sufuria.

Tumia brashi laini ya naironi na kijiti cha mwanzi. Usipige msasa mkavu juu ya rangi ya zamani, kromati ile ni sumu ya mapafu, vaa barakoa na fanyia kazi kwa unyevu kidogo. Kikiwa na dalili ya chumvi, yaani kinatoa unga mweupe kama wa muhogo kwenye mishono na kuzunguka riveti, vile vipini vinavyobana mabati, kiroweke kwenye maji yaliyosafishwa, ubadilishe maji mara kwa mara kwa siku kadhaa, kisha kikaushe vizuri kwa feni. Yale maji yanauzwa kwenye sheli na maduka ya spea kwa jina la maji ya betri, lakini angalia chupa vizuri, unataka yale ya kuongezea na sio ile tindikali, zinapangwa shelfu moja na wauzaji wengine hawajali. Kipande chenye maandishi ya wino au rangi inayobanduka usikiroweke, futa kwa pamba ya masikio tu.

Rangi inayobanduka inashikwa kwa resini inayoitwa Paraloid B-72, unaiyeyusha nyembamba kwenye asetoni, unaipitisha kwa brashi ndogo. Mwisho nta ya makumbusho, ile ya mikrokristali, tabaka jembamba, acha ikauke, futa kwa kitambaa cha pamba. Zote mbili utaagiza nje, lakini kikopo kidogo kinakaa miaka. Vanishi ya mbao usiguse, inageuka manjano na haitoki.

KUTUNDIKA

Nyumba ya Mji Mkongwe ni nzuri kwenye picha na ni adui wa bati lako. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unavuta maji kutoka chini na kuyatoa na chumvi yake, na chokaa iliyoroa inaila aluminiamu kama yale majivu. Kwa hio kipande kisiguse ukuta hata kidogo. Acha nafasi ya vidole viwili nyuma hewa ipite. Na usitegemee plagi ya plastiki ndani ya chokaa ile, inamung'unyika. Mtafute fundi akufanyie ubao wa mvule au msaji wenye kushikwa sehemu kadhaa, uzito ukae kwenye ubao, kipande kikae juu ya ubao.

Sasa fundi wetu wa kuchonga ana sanaa yake na anaipenda, atataka kukipigia njumu za shaba pembeni kama mlango. Mkatalie kwa upole. Shaba na aluminiamu zikigusana kwenye hewa ya bahari zinafanya betri ndogo, na anaelika ni aluminiamu siku zote. Tumia vijiti vya chuma kisichopata kutu, uvivishe mpira wa nyaya za umeme, vikishike kipande kwenye kingo bila ya kutoboa. Toboa tundu jipya moja tu na umeshakiua kwa mnunuzi yeyote wa baadae. Njumu mwambie azipige kwenye ubao, mbali, na itapendeza sana kwa kweli.

Kipande kidogo au chenye maandishi kiweke kwenye boksi la pleksiglasi lenye vipakti vya silika jeli na kipima unyevu cha bei rahisi. Lenga chini ya asilimia 50. Vipakti vikibadilika rangi vikaushe kwenye oveni moto mdogo. Mwenye AC asijidanganye, chumba kinapoozwa usiku, umeme unakatika, joto linaingia na maji yanatonea juu ya bati, afadhali chumba cha joto moja kuliko hicho. Na mbali na dirisha la baharini, tafadhali, upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya kabati.

KADI NA FAILI

Chini yake weka kadi ndogo: aina ya ndege, namba yake, sehemu gani ya mwili, mahali na tarehe, kimepatikana vipi. Kama hujui namba ya ndege andika aina tu, kadi fupi ya kweli haina aibu. Kama watu walikufa humo yaandike majina yao na vyeo vyao kama yanavyosomeka kwenye kumbukumbu, na usikipange kipande hicho baina ya taa za rangi na bango la soda, mwenye mkahawa unanielewa.

Faili weka pembeni: risiti, barua za muuzaji, kopi ya leseni, picha kabla na baada ya kusafisha, karatasi za forodha. Kopi moja kwenye simu au mtandaoni, moja ya karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, mchwa wa huku unawajua. Mwambie na mtu wa nyumbani faili liko wapi na ni la nini, na uandike nyuma ya ubao namba ya faili kwa penseli. Kila masika ikimalizika kishushe, kikague kwa lensi kwenye riveti na mishono, palipotoka unga mweupe safisha kwa brashi, rudisha nta, na kama ule unga unarudi mahali pale pale mara kwa mara kihamishe chumba.